Aliyekutuma nani?

Julai 2018 shirika la kiraia la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni linaoufanya kwa simu Tanzania Bara. Waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Mjadala ukaishia kwenye iwapo Twaweza ilikuwa na kibali cha utafiti, na swali la msingi likasahaulika: Mtanzania akiulizwa kuhusu rais wake, husema lililo moyoni?

Wenye shaka wana hoja nzito. Mdadisi akiingia kijijini hupiga hodi kwanza kwa mwenyekiti, na mwenyekiti huyo akibaki amesimama uani, dodoso limeshaharibika. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika ambao huhoji ana kwa ana, humaliza kwa kuuliza: unadhani nani ametutuma? Wapo wengi wanaojibu "serikali" ingawa mwanzoni wameambiwa sivyo, na hao huelekea kuwapa viongozi alama za juu zaidi.

Watetezi wa tafiti hizi za ana kwa ana huonyesha utaratibu wa kuchagua wa kuhojiwa. Kaya haiokotwi kwa macho. Ikiwa ni tarehe 14, mdadisi hujumlisha 1 na 4, akahesabu hadi kaya ya tano kutoka alipoanzia, kisha kila ya kumi. Ndani, mhojiwa hupatikana kwa kuchota kadi yenye namba, mwanamke na mwanamume kwa zamu. Utaratibu ni mzuri, lakini hukwama jua likiwa kali na nyumba ya tano ikiwa imefungwa: aliyechoka huingia ya sita kwa kuwa mlango uko wazi. Wanaoshinda nyumbani wanazidi, wa shambani na sokoni wanapungua. Hata ukifuatwa barabara, utaratibu huu hutibu upendeleo tu, hofu hautibu.

Hata hivyo, naziamini zile takwimu za 2018, kwa sababu moja. Kati ya 2016 na 2018 mikutano ya hadhara ya siasa ilibanwa na watu wakazidi kuchunga ndimi. Hofu ingekuwa ndiyo inayojibu, asilimia zingepanda au kubaki juu. Zilishuka. Kwa hiyo ile 96 nisingeitegemea sana kama kipimo cha mapenzi, ila mteremko wenyewe una uzito, mradi swali limeulizwa kwa maneno yaleyale.

Kwenye tafiti zinazolinganisha maoni kwa dini kuna tatizo jingine. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, hivyo hakuna kipimo cha kusahihishia sampuli, yaani watu waliochaguliwa kuhojiwa. Anayetaka kulinganisha waumini wa Bara na Zanzibar atakwama pia kwenye idadi: katika watu 2,400 waliogawanywa kwa uwiano wa sensa ya 2022, Zanzibar hupata kama 73, na kwa idadi hiyo jibu linaweza kuyumba takriban asilimia 11 kila upande. Kitaifa ni 2 tu.

Ripoti yoyote ya imani kwa viongozi ingefaa ichapishe kwenye ukurasa uleule jedwali la "nani ametutuma", na alama za kila kundi kando yake.