Niacheni na PES Yangu

Jumamosi iliyopita nilipeleka simu ya mke wangu Tandika kubadilishwa kioo. Fundi akaniambia "dakika ishirini tu, braza," nikajua hizo ni saa mbili. Jirani yake kuna kibanda cha gemu: turubai la bluu, televisheni mbili, PS4 mbili, benchi moja la mbao, na feni ambayo kazi yake ni kulihamisha joto kutoka kona hii kulipeleka kona ile. Mechi moja shilingi mia tano, anayefungwa ndiye anayelipa. Nikakaa pembeni. Sikuwa na hamu ya kupigwa mkono na watoto wa kidato cha pili, kwa hiyo nikatoa simu yangu, nikafungua PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, na kuendelea na ligi yangu ya PES, gemu la mpira la kampuni ya Konami.

Dogo mmoja, nywele kazipaka rangi ya dhahabu, akachungulia. "Braza, bado uko huko? Watu tupo FC 26 saa hizi." Halafu akawageukia wenzake: "Oyaa, njooni mumwone mshua anacheza gemu la enzi za Nuhu!" Benchi zima likaangua kicheko.

Nilicheka nao. Ningefanyaje? Lakini leo ni Jumanne na bado naisikia ile "enzi za Nuhu" kila nikishika simu, basi acha niseme.

Nacheza nini siku hizi? Kwenye simu nacheza PES, ile ambayo wajuzi wa mitaani wameijenga juu ya PES 2014 ya PSP, wakabandika jezi na majina ya msimu huu. Nyumbani kuna PS3 yenye PES 2013. Chini ya kabati la televisheni, ndani ya mfuko wa rambo, kuna PS2 yenye PES 6 na San Andreas. San Andreas yenyewe naicheza kwa ajili ya kuendesha baiskeli tu, misheni nilishaachana nazo. Orodha imeisha. Cheka umalize.

Sasa na mimi nikuulize, dogo. Hiyo FC 26 unayojivunia, ile FIFA ya zamani iliyobadilishwa jina, ni ya nani?

Sizungumzii mwenye kibanda. Nazungumzia gemu lenyewe, lile ambalo mtu analipa dola 70 huko linakotoka halafu anaambiwa kapewa ruhusa ya kulitumia. Mimi nilikulia kwenye sidii. Sidii ikikwama, unaitoa, unaipulizia, unaifuta kwa fulana. Ikigoma kabisa, unaipaka dawa ya meno, unasugua kutoka katikati kwenda nje (usizungushe, atakayekuambia zungusha hajawahi kuokoa sidii maishani mwake), unaisuuza, unaianika kivulini, unarudisha. Mara saba kati ya kumi inafufuka. Ugomvi ulikuwa kati yako na mkwaruzo. Hakukuwa na mtu Ufaransa au Marekani mwenye uwezo wa kuamka asubuhi na kuamua kwamba sidii yako, iliyo chini ya godoro lako, haichezi tena.

Leo yupo. Kulikuwa na gemu la magari, The Crew, la Ubisoft, lilitoka 2014. Unaendesha kutoka New York mpaka Los Angeles, Marekani nzima imefinyangwa humo. Tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva, basi. Hata aliyelinunua kwa sidii, hata aliyekuwa akicheza peke yake bila kumgusa binadamu mwingine, limekufa. Kumbe hata ulipokuwa peke yako barabarani, gari lako lilikuwa linaomba ruhusa mbali huko. Wazungu wenyewe wamechukia. Jamaa mmoja anayeitwa Ross Scott alianzisha vuguvugu la kupinga gemu kuuliwa namna hiyo, na mwaka 2025 saini za raia wa Umoja wa Ulaya zikavuka milioni 1. Milioni, dogo. Wote hao wazee wa enzi za Nuhu?

Ya Concord, gemu jingine la mtandaoni, ndiyo kichekesho. Sony waliitoa tarehe 23 Agosti 2024, tarehe 6 Septemba wakaizima. Wiki mbili! Angalau walirudisha hela za watu. Mtaani kwetu kuna maharusi waliodumu zaidi ya hapo, na si wengi.

Utaniambia mpira haufi. Haya. FC 24 ilipokuwa mlangoni, Septemba 2023, FIFA 23 na ndugu zake wa nyuma waliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mkataba wa jina kati ya EA, kampuni inayolitengeneza, na FIFA umekwisha, kwaheri. Aliyekwisha kununua alibaki nayo, aliyekuwa bado anadunduliza akakuta rafu tupu.

Mimi mwenyewe nimeumia, nisijifanye mjuaji. Mwaka juzi nilijichanga nikanunua gemu kwa njia ya akaunti. Mnajua biashara hiyo: jamaa anakuuzia nafasi kwenye akaunti yake, bei robo ya dukani, anakuingizia kwenye mashine, mnapeana mikono kama mmeuziana kiwanja. Nilicheza siku kumi na moja. Ya kumi na mbili nawasha, naambiwa neno la siri si sahihi. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaenda alipokuwa, nikakuta anauza chipsi mtu mwingine kabisa, tena mwenye huruma, akanipa kachumbari ya bure. Najua utasema ni ujinga wangu. Ni kweli. Ila hakuna mtu aliyewahi kuniibia PES 6 akiwa kakaa kwao.

Na mpwa wangu, mtoto wa dada, yupo na eFootball kwenye simu. Ile ile PES yetu, Konami waliibadilisha jina 2021 wakaitoa bure, na siku ya kwanza wachezaji walikuwa na sura kama wamefufuliwa kabla ya wakati. Wamerekebisha sana tangu hapo, naungama. Mpira wake ni mtamu, pasi zinapigika. Lakini mtoto akikosa bando hachezi. Akiwa na bando akakuta matengenezo, hachezi. Na akicheza hachezi mpira, anaspini, yaani analipia bahati nasibu ya kupata mchezaji. Juzi alinijia kwa adabu zote, "shikamoo mjomba," mikono nyuma, nikajua kuna jambo. Alitaka elfu kumi ya kuspini apate mkongwe mmoja wa zamani, kadi ya kung'aa. Nikampa, moyo wa mjomba. Alispini mbele yangu. Mwanga, vimulimuli, muziki, kisha akatokea beki fulani ambaye hata mama yake mzazi angehitaji kukumbushwa. Mtoto akaniangalia. "Nilikuwa karibu, mjomba." Sauti ile naijua. Ni ya watu wanaotoka kwenye mabanda ya kubeti Jumapili jioni.

Ubelgiji waliliona hilo mapema. Mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ikasema pakiti za kubahatisha namna hii ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA, zile za kununulia pakiti hizo, nchini humo. Huku kwetu tunaita kipaji cha mtoto kwenye simu.

Sasa nikiri na mengine, kwa shingo upande. Ndiyo, FC ni nzuri machoni. Ukiona jasho la mchezaji linavyomeremeta na nyavu zinavyotikisika unaweza kumsahau mkeo dukani. Ndiyo, PES yangu ya kwenye simu haina baraka za Konami, aliyeitengeneza hakumwomba mtu ruhusa, na mimi niliipakua nikiwa naangalia nyuma kama mwizi wa kuku. Na ndiyo, mtangazaji wake ni kituko: kiungo wa Yanga anapiga shuti la mita thelathini, linaingia, mtangazaji anashangilia jina la Mhispania aliyekwisha kustaafu. Kwa sababu aliyebandika uso na jezi hakuweza kuibadilisha sauti.

Lakini mtazame vizuri huyo kiungo. Ana jezi ya njano na kijani. Ukisogeza kamera wakati wa marudio unaona nembo ya mdhamini imekaa upande kidogo, maana kuna mtu, mahali fulani, kwenye kompyuta ya mkopo, alikaa usiku kuichora kwa mkono. Simba wamo. Azam wamo. Coastal wamo. Uwanja ni wa Ulaya, mbao za matangazo ni za Kihispania, theluji inaweza kuanguka kwenye mechi ya Tanga. Mimi nimefunga bao la dakika ya tisini kwenye theluji ya Tanga. Hizo kampuni kubwa ziniletee hilo kwanza, nitazipa dola sabini zao.

Hatukuanza jana. Kizazi chetu kilijifunza Ulaya kwa majina ya uongo. Liverpool tuliijua kama Merseyside Red, Man City kama Man Blue, kwa sababu Konami hawakuwa na haki ya majina. Kuna jirani yetu alibishana na mwalimu wa jiografia kwamba Merseyside ni rangi.

Wengine watanisukuma kwenye gemu za hadithi, zile za mtu mmoja. Hapo sibishi sana. Mwaka 2024 nilikwenda kwa rafiki yangu Kigamboni akaniwekea Tales of Kenzera: ZAU. Imeundwa na studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya baba yake kufariki. Kijana Zau, mganga, anakwenda kupatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake. Sauti unachagua, na Kiswahili kimo. Nilikaa nimeshika padi mdomo wazi. Miaka ishirini na kitu nimecheza gemu kwa Kiingereza, Kijapani, Kihispania, sijawahi kuambiwa neno kwa lugha ninayoombea chumvi mezani. Na mganga ni mtu wa heshima, si yule wa kwenye filamu mwenye kibuyu na macho mekundu. Mimi baba yangu tulimzika 2011. Sitaki kulizungumza hilo zaidi, ila rafiki yangu alitoka nje kwenda kununua maji bila kuombwa, akakaa huko muda mrefu.

Sijawahi kuliona gemu hilo kwenye kibanda chochote. Haliwezi kuwepo. Kibanda kinaishi kwa mechi ya dakika kumi na mtu wa kufungwa, nani atalipa mia tano akamlilie baba yake peke yake huku watu wanane wanasubiri zamu? Na nikitaka kulirudia siwezi, maana limo ndani ya akaunti ya rafiki yangu, na rafiki yangu amehamia Mwanza na mashine yake.

Mnaona ninakorudi.

Kaka yangu yupo Muscat, anaendesha magari ya mizigo. Ameondoka 2014, karudi likizo Desemba. Mlangoni nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, ile memori kadi ipo?" Mama akafoka, watu hawajasalimiana vizuri mnaulizana makadi. Lakini ipo. Siku zote ipo. Ni ile nyeusi ya MB 8, ina alama ya meno kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alipoanza kuota meno aliiona inafaa.

Usiku, mama alipolala, tukaitoa PS2 kwenye rambo. Mashine imepoteza saa, kila ukiwasha inadhani ni mwaka 2000, lakini faili lake bado lina tarehe ya 2007. Akafungua Masta Ligi yake, ile ya kujenga timu msimu baada ya msimu, ukianza na wachezaji wa kubuni. Castolo yumo. Minanda yumo. Ximelez yumo, Ivarov golini, na mbele Adriano, nguvu ya shuti 99, ambaye alimpata kwa kuuza nusu ya timu na kushinda njaa misimu miwili. Aliipitia orodha yote polepole kama mtu anayesoma majina kwenye picha ya darasa. Mechi iliyokuwa ikifuata ilikuwa bado inafuata. Hakuna aliyemtaka asasishe kitu. Hakuna aliyemwambia akaunti yake imelala miaka kumi na moja kwa hiyo imefungwa.

Hakuicheza. Akasema tuiache hapo hapo. Tukaenda mechi ya kirafiki, yeye Brazil, mimi Italia, sauti tumeipunguza mpaka moja. Nilimfunga tatu moja, la tatu kwa kona.

Akaweka padi chini, akaigeuza, akaichunguza.

"Hii padi inavuta kushoto," akasema.

Ndivyo alivyosema 2007. Na kweli inavuta, ndiyo maana siku zote nampa yeye.