Maharusi wa picha: tusiishie kwenye ile picha

Kila inapotajwa habari ya wasichana wa Kikorea waliokwenda Hawaii kuolewa na wanaume wasiowahi kuwaona, mazungumzo huganda gatini Honolulu: binti wa miaka 18 ameshika picha ya kijana nadhifu, na aliyekuja kumpokea ni mtu mzima aliyeungua jua. Ni kweli ilitokea, tena mara nyingi. Lakini tunawadhulumu wanawake wale tukiwaacha wasimame pale gatini miaka yote. Kazi yao kubwa waliifanya baadaye, kwenye karai la kufulia na kwenye upatu.

Kati ya 1903 na 1905 Wakorea wapatao 7,000 waliingia Hawaii kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na wanawake walikuwa wachache mno. Safari hizo zikasimamishwa 1905, na 1910 Japani ikaitwaa Korea yote. Upenyo uliobaki ni kwamba mke aliruhusiwa kumfuata mume. Basi kapera alituma picha kwa mshenga, picha ya binti ikarudi, nyingi zikitoka mkoa wa Gyeongsang, kusini mwa Korea. Posa ikikubaliwa, jina la binti liliandikwa kwenye daftari la ukoo wa mume, na kwa maandishi hayo akaombewa pasipoti ya Kijapani. Akapanda meli akiwa tayari mke wa mtu kisheria. Njiani, Kobe au Yokohama, alipimwa macho kwa ajili ya trakoma na choo kwa ajili ya minyoo ya safura. Aliyekutwa na ugonjwa alibaki bandarini akitibiwa, na gharama ya malazi ikazidi kupanda.

Gharama hiyo ndiyo inayoeleza umri wa waume. Nauli na mahitaji mengine yalipita dola 100 mara nyingi, wakati mshahara wa shambani wa miaka ile ya mwanzo ulikuwa kama dola 16 kwa mwezi: siku 26, saa 10 kila siku, chini ya nyapara. Ukitoa chakula, mtu alidunduliza miaka. Picha aliyopigwa mwanamume akiwa na miaka 28 ilimfikia binti wakati yeye ameshafika 38, na suti aliyovaa huenda ilikuwa ya kuazima. Udanganyifu ulikuwepo, siutetei. Ila hata mwanamume mkweli alichelewa kwa sababu ya bei.

Na kwa nini binti hakugeuza? Nauli ilikuwa imelipwa na mtu mwingine, bila mume angeweza kurudishwa na maofisa wa uhamiaji, na nyumbani alikuwa ameshaandikwa kwenye ukoo wa watu. Wako waliokataa wakarudi, wachache. Tukumbuke pia kwamba si wote waliosukumwa na njaa. Wengi walipita shule za wamisionari, wakitamani kusoma zaidi na kuondoka chini ya utawala wa Kijapani. Sara Choe, anayetajwa kuwa wa kwanza, aliwasili Novemba 1910. Hadi sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 ilipofunga njia, walifika kati ya 600 na 1,000 kwa makadirio mbalimbali.

Kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya miwa walikuta makapera wengi wasio na wa kuwapikia wala kuwafulia. Hapo ndipo walipojipatia riziki. Udongo wa Hawaii ni mwekundu na unang'ang'ania kitambaa, na majani ya miwa hukata, kwa hiyo nguo za shambani zilikuwa nzito. Zilichemshwa kwa kuni, zikasuguliwa kwa mkono na kunyooshwa kwa pasi ya mkaa, mtoto akiwa mgongoni. Fedha ya udobi na ya chakula ilipita mikononi mwa mke. Baadaye familia nyingi zilihamia Honolulu kupangisha vyumba, au Wahiawa kufulia na kushonea askari wa kambi ya Schofield.

Mtaji ulitoka wapi, na benki haikopeshi mtu asiye na rehani? Ulitoka kwenye kye, ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua mara moja: ni upatu. Tuseme wanawake 10, kila mmoja dola 5 kwa mwezi. Mmoja anachukua 50, na baada ya miezi 10 duara limekamilika. Katika aina nyingine, anayetaka kupokea mapema huchangia zaidi, na wa mwisho hupata faida ya kusubiri. Hatari yake iko palepale kila mahali: aliyepokea mwanzo akihama au akifilisika, pengo humwangukia kiongozi wa mchezo. Ndiyo maana walichaguana kwa asili ya mkoa mmoja na kanisa moja, watu wanaojuana hadi kwao.

Mtandao huohuo ulipata kazi nyingine baada ya maandamano ya Machi 1, 1919 nchini Korea. Wanawake wa Hawaii waliunda chama cha misaada mwaka huohuo, wakauza kimchi na vyakula vingine ili kuchangia harakati za uhuru. Na kwa kuwa waume walikuwa wamewazidi umri sana, wengi walibaki wajane na watoto bado wadogo. Mjane aliyekuwa na vyumba vya kupangisha, wateja wa udobi na zamu yake kwenye kye hakulazimika kurudi kambini kuomba kazi kwa nyapara.