Leso ya khalati ilivyonizimia mitambo harusini

Jamani wacha niwape hii, mkicheka chekeni tu, nyumbani walishanicheka mpaka wakachoka.

Nina mtambo wangu wa sola wa kukodisha, nimeuunda mwenyewe juu ya mkokoteni: paneli mbili za wati 200, betri mbili za volti 12 ampia-saa 100, zile nzito, moja tu kama kilo 30, na inveta ya wati 1500, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Pasipo na stima nasukuma naenda. Hauna kelele, haunywi petroli, ila mdomo wangu ndio una nguvu kushinda betri zenyewe.

Basi khalati, dadake mama, akanipigia, anaoza mtoto huko Shika Adabu, ng'ambo ya Likoni, ploti mpya, nguzo za stima bado hazijafika. Nikamwambia khalati wewe tulia, lete hata DJ. Na hesabu nilipiga kweli, betri hizi ukizinyonya kupita nusu waziua, kwa hivyo nina kama wati 1200 za saa moja, spika na taa hazizidi 400, hapo saa tatu nshapata, na mchana kutwa jua la Mombasa lanijazia tena. Nani aniweze?

Kuvuka feri peke yake ilikuwa sinema. Ule mteremko wa Likoni mwaujua, mkokoteni ukaanza kwenda wenyewe, hamali wangu aburutwa nyuma na ndara moja mguuni, watu wapisha wapiga kelele, na mimi nimekumbatia paneli kama mtoto mchanga.

Saa nne asubuhi nikazitega juani, skrini yasoma wati 310 zaingia, roho kwatu. Nikajilaza jamvini kidogo.

Saa tisa naamshwa na piiii, piiii, piiii. Inveta yalia, na DJ maskini alidhani ni biti, akaifuata! Natazama skrini, wati 3. Tatu! Na jua lachoma mpaka kuku wako chini ya meza. Nikafuata waya wa kwanza mpaka chumbani, nakuta vijana wapiga pasi, na si kanzu ya bwana harusi pekee, ni kanzu za ukoo mzima, na pasi yenyewe ni wati 1000, yaani saa moja tu na hesabu yangu yote imekwisha. Waya wa pili, blenda ya juisi ya maembe. Haya, wamekula, lakini mbona haziingii?

Natoka nje, paneli zangu zimevishwa leso, hizi khanga za kina mama. Doti nzima, kila paneli na yake, na mawe juu zisipeperuke.

"Khalati, nani kafanya hivi?"

"Mimi mwanangu. Wewe umelala, mashine ya watu yaungua juani, nikaisitiri. Kile kioo nimekigusa, moto kama kikaango!"

Sasa mimi nimjibu nini, na nusu ya maneno yake ni kweli, paneli ikipata moto sana umeme wapungua kidogo, ila dawa yake ndiyo imeua mgonjwa. Nikainama nitoe zile leso, nikaona jina lake: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Wallahi nilicheka mwenyewe.

Hapo hapo piiii ya mwisho, kimya. DJ kabaki na maiki mkononi aongea na upepo. Kina mama hata hawakustuka, wakanyakua masinia na ndoo wakazifanya ngoma, vigelegele, chakacha, harusi ikachangamka kushinda mwanzo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kudai baki ya pesa niliona haya. Khalati akanifungia pilau, na ile doti akanipa, "ya kufunikia siku nyingine mwanangu." Usiku kwenye feri nimeitandika juu ya paneli, mzee mmoja akauliza, "Kijana, hii sola yapata pesa lakini?"

Hamali wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo, "Si imeandikwa hapo mzee, soma."