Kaswende kwa mjamzito mwenye mzio wa penisilini: dawa mbadala inamtibu nani?

Kuhusu dawa ya kwanza hakuna ubishi. Mjamzito mwenye kaswende ya hatua za mwanzo huchomwa sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, na ikiwa ugonjwa ni wa muda mrefu au haijulikani ulianza lini, sindano hiyo hurudiwa kila wiki hadi zitimie tatu. Ubishi huanza pale mama anaposema kwamba yeye na penisilini hawapatani.

Wanaotetea dawa mbadala wana hoja nzito: mshtuko wa mzio unaweza kuua kwa dakika chache, na kuuzoesha mwili penisilini kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa hatua kwa hatua kunahitaji hospitali yenye wahudumu waliofunzwa na vifaa vya dharura. Pasipo huduma hiyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 unaruhusu, kwa tahadhari, eritromisini, seftriaksoni au azithromisini katika kaswende ya mwanzo.

Hata hivyo, mwongozo huohuo unakiri kwamba eritromisini na azithromisini hazivuki kondo la nyuma vya kutosha, na kwa hiyo mtoto lazima atibiwe mara anapozaliwa. Kidonda cha mama kinaweza kufunga huku mtoto akiendelea kushambuliwa, na tiba ya baada ya kuzaliwa haimfai aliyekwisha kufia tumboni. Azithromisini, zaidi ya hayo, imekwisha kuzoewa na vimelea katika sehemu nyingi za dunia. Seftriaksoni inavuka vizuri zaidi, lakini ushahidi wake kwa wajawazito bado ni mdogo.

Kwa maoni yangu, mizani inaegemea penisilini, tena kwa sababu ambayo mara nyingi haiulizwi: je, mzio huo ni wa kweli? Takriban watu tisa kati ya kumi walioandikiwa kuwa na mzio wa penisilini hukutwa hawana wanapopimwa. Wengine walitapika tu utotoni, jambo ambalo si mzio. Historia ikiashiria mzio wa kweli, rufaa ifanywe siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba inayotolewa chini ya wiki nne kabla ya kujifungua huhesabiwa kuwa haikumtosheleza mtoto. Rufaa ikishindikana kabisa, seftriaksoni itolewe, na kadi ya kliniki iandikwe wazi kwamba mtoto huyo anasubiriwa na penisilini yake.