Makuti ya Malindi na pesa isiyozunguka

Ukitaka kujua hali ya mifuko ya Malindi, pita barabara ya Casuarina utazame mapaa. Paa la makuti hudumu miaka mitano, sita, likitunzwa sana saba. Baada ya hapo linavuja, na hapana budi liezekwe upya. Mwenye nyumba akiwa nazo, anaezeka kabla ya mvua za Aprili. Akiwa hana, anatia kiraka, na mwaka wa pili anatia kiraka juu ya kiraka. Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa mjini, pamoja na makuti ninayonunua kwa akina mama wa Ganda. Viraka hivyo huwa naviona kwenye daftari langu kabla sijaviona juu ya paa.

Barazani kwetu swali halijaisha: kwa nini uchumi unaanguka kwa msimu mmoja, lakini kuinuka unachukua miaka? Wapo wanaojibu kwamba vijana wa Pwani ni wavivu, wamezoea kungoja mgeni. Jibu hilo linaniuma. Kijana aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri mwaka 2007 kwenda kusafisha bwawa la hoteli hakuwa mvivu. Alipoonekana ameketi nyumbani mwaka 2013, tabia yake ilikuwa ile ile. Ni hoteli iliyomwambia asije tena. Uvivu hauwashiki watu wa mji mzima mwaka mmoja.

Wengine wanasema ni usalama. Hapo wana haki, kwa kiasi. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate Septemba 2013 na Mpeketoni Juni 2014, nchi za nje zilitoa maonyo na ndege zikaja na viti vitupu. Lakini biashara yangu ilikuwa imeshaanza kulegea kabla ya hapo, na hofu ilipopoa haikurudi palepale. Kwa hiyo lazima tutazame mbali zaidi, na kwa Malindi mbali ni Italia.

Waitaliano walianza kuzoeana nasi tangu miaka ya 1960, wakati wa kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni, na mji wetu ukaegemea kwao. Sasa fikiria yaliyowapata. Mwaka 2009, baada ya mabenki ya dunia kutikisika mwaka 2008, uchumi wao ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5. Ulijikongoja kidogo, ukaanguka tena kuanzia 2011 hadi 2013. Mpaka 2019, kabla ya korona, pato lao lilikuwa bado halijafikia lile la 2007. Desemba 2011 serikali ya Mario Monti ilipitisha hatua za kubana matumizi: umri wa kustaafu ukasogezwa mbele, na nyumba ambazo Waitaliano wanamiliki nje ya nchi yao zikawekewa kodi ya asilimia 0.76 ya thamani yake kila mwaka. Wazee wastaafu ndio waliokuwa wakija Desemba na kukaa mpaka Pasaka, na nyumba za nje ndizo hizi za Casuarina. Sheria ilipitishwa Roma, na huku kwetu paa likabaki na viraka.

Mama mmoja wa Ganda ambaye nimenunua kwake miaka mingi huketi chini ya mkorosho na fito zake kando. Anachukua majani ya mnazi, anayakunja juu ya ufito moja baada ya jingine, kila jani likilalia kidogo lile lililotangulia, huku akipitisha kamba nyembamba kuyafunga. Mkono wake hausimami hata akizungumza. Mwenye nyumba wa Milano akiahirisha kuezeka mwaka mmoja tu, mimi siagizi makuti. Mama hapati pesa, kwa hiyo hachukui sukari na mafuta dukani ila kwa kukopa. Mwenye duka naye haagizi mzigo mpya, na ule ukuta aliotaka kuumalizia anauacha, kwa hiyo hanunui saruji kwangu. Hapo hakuna aliyekosea. Kila mtu ameshika chake kwa sababu haijui kesho. Lakini matumizi yangu ndiyo mapato ya mwenzangu, na tukishika sote kwa pamoja, sote tunapungukiwa.

Wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliochunguza misukosuko ya nchi nyingi, walionyesha kwamba mdororo unaoanzia kwenye mabenki na madeni huchelewa kupona kuliko mingine. Hata Marekani, iliyotoa mamia ya mabilioni ya dola mwaka 2009 kuchochea uchumi, ni mpaka mwaka 2014 ndipo idadi ya watu wenye ajira iliporudi pale ilipokuwa kabla ya mdororo. Ulaya ilibana zaidi, ikaumia zaidi. Na Januari 2013, Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alichapisha pamoja na mwenzake Daniel Leigh uchunguzi unaoonyesha kwamba makadirio ya wachumi yalikuwa yameyahesabu madhara ya kubana matumizi kuwa madogo mno kuliko yalivyokuwa kweli. Ningependa kila anayetuhubiria kufunga mkaja alisome hilo kwanza.

Kwa sababu sasa zamu ni yetu. Machi 25, 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikarudi Agosti 1. Hoteli zilizokuwa zimekopa zilibaki na mikopo bila wageni. Kabla hatujasimama vizuri, Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, mishahara ikakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za bei nafuu, na Februari 2024 riba ya Benki Kuu ikafika asilimia 13. Najua serikali ilikuwa imebanwa: shilingi ilikuwa imepita 160 kwa dola, na deni la Eurobond, yaani lililokopwa kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lilikuwa linaiva Juni mwaka huo. Sisemi deni lisilipwe. Nauliza kwa nini deni la mkubwa wa nje lina tarehe, na la mdogo wa hapa halina.

Katikati ya 2024 madeni ambayo kaunti zote hazijawalipa wakandarasi na wauzaji yalikuwa yamezidi shilingi bilioni 150. Ndani ya madeni ya namna hiyo nimo mimi. Ofisi moja ya umma ilinipa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya mabomba na mifereji ya maji. Nikachukua mkopo benki, nikapeleka mzigo, ukapokelewa na kutiwa sahihi. Miezi 14 nikawa naambiwa faili iko mezani, huku benki ikikata riba yake kila mwisho wa mwezi. Nilimwachisha kazi kijana mmoja kati ya wawili walionisaidia. Na yule mama wa Ganda nilikuwa na deni lake la makuti 200, nikawa nakwepa njia ya kwake. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Basi ninalolitaka ni hili: ankara ndogo za wauzaji wadogo zilipwe kwanza, zote, kabla ya mkandarasi mkubwa hata mmoja. Nitaambiwa mambo ya Malindi hayawezi kuinua nchi. Lakini hatimaye nililipwa nusu, siku ya Jumatano. Alasiri hiyo nilikwenda Ganda kulipa makuti 200 na kuagiza mengine 300. Ijumaa kijana wangu akarudi dukani. Wiki iliyofuata mwenye duka la jirani na yule mama alikuja kuchukua mifuko sita ya saruji, na alilipa taslimu.