Karata zimerudi, jirani je?

Mwezi wa Februari 2025 kampuni ya Kijapani ya Konami ilitoa Yu-Gi-Oh! Early Days Collection, mkusanyiko wa michezo ya video 14, mingi yake ya kupigana kwa karata zenye picha za wanyama na majoka, iliyotoka kwanza kwenye Game Boy na Game Boy Advance, vifaa vya mkononi vya Nintendo, kuanzia mwaka 1998. Kampuni ya Digital Eclipse ndiyo iliyoileta kwenye Nintendo Switch na kompyuta, na bei yake ni karibu dola 50. Hapa Lubumbashi, Kongo, kodi ya nyumba na bei ya friji hutajwa kwa dola, kwa hiyo hesabu hiyo haihitaji mkalimani. Vijana wa mtaa wa Katuba wananiuliza: kwa nini mtu alipe pesa yote hiyo kwa michezo iliyozeeka, wakati nakala zake za bure zinachezeka kwenye simu?

Swali lao ni la haki. Nami nina deni na michezo hii, kwa hiyo sitalijibu kwa haraka.

Yaya yangu, yaani mkubwa wetu, alirudi kutoka Johannesburg na Game Boy Advance moja na kaseti moja, The Sacred Cards. Tulikuwa watoto watano. Kifaa kile kilikula betri mbili ndogo, na kioo chake hakikuwa na mwanga, kwa hiyo usiku ulilazimika kukiinamisha chini ya taa mpaka uone karata bila kung'aa. Kiingereza hatukukijua hata mmoja wetu. Shuleni tulisoma Kifaransa. Lakini namba ni namba. Joka jeupe la macho ya buluu lina nguvu 3000 za kushambulia, na hilo halihitaji kamusi. Tuligundua wenyewe kwamba mnyama wa maji humwangamiza wa moto hata akiwa na namba ndogo, na wa moto naye humla wa msitu. Ugunduzi huo ulituchukua siku kadhaa na ugomvi mwingi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoichambua mikusanyiko hii. Husema michezo ya mwanzo ni dhaifu kwa sababu haifuati kanuni za karata halisi: ile ya 1998 humruhusu mchezaji kushusha mnyama mkubwa bila kutoa kafara yoyote ya wanyama wadogo walioko mezani, na anayepata namba kubwa mapema ameshashinda nusu ya pambano. Ni kweli. Ile ya baadaye, kama The Eternal Duelist Soul na ule wa mashindano ya dunia ya 2006, ndiyo inayofuata kanuni vizuri, ina mitego, minyororo ya athari ambapo karata hujibizana, na karata ambazo maandishi yake ni aya nzima. Kwa mtu anayesoma Kiingereza vizuri, hiyo ndiyo johari ya mkusanyiko. Kwa mtoto wa Katuba, ni ukuta. Ile inayoitwa dhaifu ndiyo mlango aliofunguliwa.

Kuna jambo jingine ambalo nakala ya bure haiwezi kulidai kwa uaminifu. Baadhi ya michezo hii, ukiwemo ule wa kwanza kabisa na Duel Monsters 4, haikuwahi kutoka rasmi nje ya Japani. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa tafsiri za mashabiki tu. Sasa imepata tafsiri rasmi ya Kiingereza na inauzwa mahali panapojulikana. Umuhimu wa hilo unaonekana ukiangalia yaliyoipata Pokémon Trading Card Game, mchezo wa karata uliotoka Japani mwaka huo huo wa 1998. Uliuzwa upya kwenye duka la mtandaoni la Nintendo 3DS mwaka 2014, kisha duka lenyewe likaacha kuuza Machi 2023. Uliporudi Agosti mwaka huo, ulikuja kwa njia ya uanachama wa kulipia: ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kwa hiyo hata anayelipa kihalali hana hakika atabaki nao. Hilo ni kosa la soko zima, na naliona zito kuliko bei.

Ila kinachonisumbua zaidi kiko ndani ya mkusanyiko wenyewe, kwenye vitufe vyake vipya. Unaweza kuhifadhi mchezo popote, kuuharakisha, na kuurudisha nyuma sekunde kadhaa. Kuna pia chaguo za kulegeza kanuni, kama kufungua karata zote kwa mkupuo. Kwa baadhi ya michezo huu ni uokoaji. Anayeukumbuka mchezo wa Reshef of Destruction anajua ninachosema: pointi zako za uhai hazirudi zenyewe baada ya pambano, unaingia kwa mpinzani anayefuata ukiwa na majeraha ya yule wa kwanza, na nguvu za kubeba karata bora huongezeka kwa kutambaa. Bila kitufe cha kuharakisha, mtu mzima mwenye kazi na watoto hawezi kuumaliza. Hapo nashukuru bila kusitasita.

Kwenye The Sacred Cards ni habari nyingine. Mchezo ule una kanuni ya kuweka karata rehani: kabla ya pambano unachagua karata yako moja, mpinzani naye anaweka ya kwake, na mshindi huondoka na zote mbili. Moyo wa mchezo mzima uko hapo. Ukiweka karata mbovu, hupati kitu cha maana. Ukiweka nzuri, mikono inatetemeka. Nakumbuka jioni ambayo mdogo wangu alipoteza karata tuliyoitafuta wiki nzima, sote watano tukanyamaza, na yaya akakizima kifaa kwa upole akaenda kulala.

Mpwa wangu anao mkusanyiko huo, alinunuliwa na shemeji aliyeko Ubelgiji. Nilikaa naye juzi, umeme umekatika, kifaa kikipumua kwa chaji iliyobaki. Akaweka rehani karata yake bora, akapoteza, akabonyeza kitufe, mchezo ukarudi nyuma, akajaribu tena. Mara tatu. Nikamwambia, "Baba, huko ni kuiba." Akanijibu bila hasira, "Mjomba, kitufe wamekiweka wao."

Ana haki. Hajavunja kanuni yoyote. Lakini rehani isiyoweza kupotea si rehani, na mchezo uliojengwa juu yake unabaki picha zinazopita. Waliotengeneza mkusanyiko wangeweza kuweka namna ya kucheza inayokifunga kitufe kile mpaka pambano liishe. Naamini wengi tungeichagua.

Halafu kuna waya. Game Boy mbili ziliunganishwa kwa waya mfupi, na ili upambane au ubadilishane karata ilibidi mtu akae goti kwa goti na wewe. Duel Monsters 4 ilitoka katika matoleo matatu yenye karata tofauti: ulimhitaji jirani mwenye toleo lisilo lako. Leo nafasi ya jirani imechukuliwa na intaneti. Kwa mtu wa Lubumbashi maana yake ni kununua mega za intaneti, kuomba mtandao usikatike katikati ya pambano, na kupigana na mtu ambaye hutamwona uso anaposhtuka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wa Katuba: mkiweza kuchanga wanne au watano, nunueni mmoja, uwekeni nyumba moja, na anzeni na ile ya zamani yenye namba. Mtu mmoja peke yake chumbani atapata nusu ya kitu kwa bei kamili.

Na mpwa wangu tumekubaliana: pambano lenye rehani halirudishwi nyuma. Jumapili alimwita mtoto wa jirani waje kucheza kwa zamu. Akapoteza joka lake. Alitaka kulia, nikaona. Mwenzake akamsogelea, wakaanza kupanga upya fungu lote la karata, kichwa kwa kichwa juu ya kile kioo kidogo.