Fedha ya Washington, mkono wa Jackson

Mississippi Public Broadcasting (MPB) ni shirika la umma la redio na televisheni linalohudumia jimbo zima la Mississippi, Marekani. Televisheni yake ilianza mwaka 1970, na haikuchukua hata nusu mwaka kujitia aibu: tume ya jimbo iliyoisimamia ilikipiga marufuku kipindi cha watoto cha Sesame Street, kwa kuwa weusi na weupe walionekana humo wakicheza pamoja. (Ndicho kilichokuja kuzaa Kilimani Sesame ya Tanzania.) Kelele zikapigwa kila upande, na baada ya wiki chache tume ikala matapishi yake.

Wasiotaka serikali imiliki chombo cha habari huanzia hapo, na wana haki. Lakini watu binafsi walikuwa wasafi zaidi? Mwaka 1969, katika mji mkuu wa jimbo hilohilo, Jackson, kituo cha biashara cha WLBT kiliamriwa na mahakama kinyang'anywe leseni kwa ubaguzi wa rangi.

Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili. Sababu zilizotolewa ni mbili kuu: PBS na NPR, mitandao ya kitaifa ya televisheni na redio ya umma, zinaegemea mrengo wa kushoto, na siku hizi habari zimejaa kila mahali. Hiyo ya kwanza isipuuzwe. Mlipa kodi anayejiona anasimangwa na redio anayoilipia ana haki ya kuhoji. Ya pili hainiingii akilini. Matangazo ya biashara hufuata wenye fedha, na vijiji vya Delta, eneo maskini la mashamba kaskazini-magharibi mwa Mississippi, havina fedha. Kimbunga kikikata umeme na mtandao, redio ya betri ndiyo inayobaki. Na tayari MPB imeifunga chaneli yake ya watoto ya mtandaoni.

Jambo lililozungumzwa kidogo ni njia ambayo fedha hiyo ilipitia. Sheria ya 1967 iliunda shirika la CPB, la kuvigawia vituo fedha ya serikali kuu, lisimame katikati, ili mwanasiasa anayepitisha bajeti asichague vipindi. CPB sasa imevunjwa. Michango ya wasikilizaji katika jimbo maskini kama hili haiwezi kuziba pengo lote, kwa hiyo MPB itazidi kubisha hodi kwa wanasiasa wa Jackson. Waliokata fedha walisema wanaitoa serikali kwenye habari. Huku wameitoa ya mbali tu. Iliyozima Sesame Street ilikuwa ya karibu.